Usukani Uliogoma Asubuhi

Walipomleta mdogo wangu kwenye zahanati ya shamba, taya lake lilikuwa limehamia upande wa kushoto wa uso na jino moja lilikuwa limenasa kwenye kola ya shati lake. Wachungaji walikuwa wamempiga kwa fimbo mpaka fimbo zikavunjika, kisha wakaendelea kwa miguu. Kama mgambo wasingefyatua risasi hewani, wangemmaliza palepale kwenye ngano. Nilimtazama, nikatoka nje, nikatapika, halafu nikaenda karakana kuchukua spana kubwa. Sikuwa nakwenda kutengeneza kitu. Nilikuwa natafuta mtu wa kumpiga.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haja ya kujipamba. Nilikuwa fundi wa magari na matrekta katika shamba la ngano la serikali, kwenye tambarare za Hanang, ng'ambo ya Getanuwas. Mdogo wangu nilimtoa mwenyewe nyumbani kwetu Maretadu, nikamtafutia kazi ya udereva. Mama alimkabidhi kwangu kwa maneno machache: nilivyomchukua ndivyo nimrudishe. Kwa hiyo lile taya lilikuwa langu pia.

Kilichotokea ni hiki. Alfajiri ya siku ile habari zilifika kwamba ng'ombe wameingia kwenye ngano. Mgambo wakapanda pikapu, mdogo wangu akashika usukani, wakaondoka mbio kwenye ukungu. Kule kwenye korongo njia inakata kona kali kushoto. Pikapu haikukata kona. Ilikwenda moja kwa moja, ikamgonga kijana wa Kibarabaig aliyekuwa anaswaga ng'ombe wake kuwatoa, ikambana kwenye mti wa mgunga. Alikufa akiwa amesimama, fimbo yake bado mkononi.

Ndugu zake walikuwa nyuma yake, waliona kila kitu. Waliona dereva ameshika usukani kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameutoa nje ya dirisha. Kwao ushahidi ulikuwa umetosha. Mtu anayetaka kukukwepa hutumia mikono miwili.

Lakini mkono mmoja ndio uliokuwa mtindo wa mdogo wangu, na lawama ni za gari lenyewe. Ilikuwa pikapu ya Kijapani yenye pawa steringi, usukani unaosaidiwa na pampu ya mafuta, ya kwanza kuonekana shambani kwetu. Madereva wa Land Rover walikuwa wakishindana mieleka na usukani mpaka mabega yanauma. Yeye alikuwa anageuza kwa vidole, huku anakula muhindi wa kuchoma. Tulimtania kwamba akioa, mke wake atamlisha kwa kijiko. Mgambo nao waliipenda kwa sababu mbaya zaidi. Pikapu ile iliweza kumfuata ndama anayekimbia, ikapinda anapopinda, mpaka miguu yake ikaisha. Mkuu wao alikuwa anasimama nyuma, ameshika bomba la juu kwa mkono mmoja na kiboko kwa mkono wa pili, anapiga migongo. Ya ng'ombe na ya watu.

Wageni waliokuja kutazama ngano walikuwa wanaona bahari ya dhahabu. Mimi nilikuwa naona kitu kingine. Tambarare ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig kabla trekta la kwanza halijafika. Makaburi ya wazee wao yalilimwa, nikiwa nimekaza bolti za plau mwenyewe. Njia za kwenda kwenye maji na chumvi zilizibwa. Ng'ombe akivuka mtaro, anakamatwa. Mwenyewe akimfuata, anachapwa akiwa amelazwa kifudifudi mbele ya wanawe. Siku chache kabla ya ajali, mgambo walivuka korongo wakachoma boma la mama mmoja mzee kwa sababu lilikuwa karibu mno na ngano. Walipiga kila aliyekuwemo. Nilimwuliza mdogo wangu kama alikuwepo. Akasema gari lilikuwa bovu siku ile, wao walikwenda kwa miguu. Nilimwamini.

Kijana aliyekufa kwenye mgunga alikuwa mtoto wa mama yule yule.

Mpaka jua linachomoza vizuri, Wabarabaig walikuwa wameizunguka zahanati. Walisimama na mikuki na fimbo, hawapigi kelele, na ukimya wao ulinitisha kuliko matusi ya mgambo. Meneja alikuwa safarini Arusha. Polisi walikuwa Katesh, na barabara ilikuwa matope. Kwa hiyo kati ya mdogo wangu na mikuki ile palikuwa na mlango wa mbao, mganga mmoja mwenye bendeji tu mkononi, na mgambo ambao mkuu wao hakuwa na hamu kabisa ya kumlinda.

"Wape," mkuu wa mgambo aliniambia, kana kwamba tunazungumza habari ya gunia. "Wamchukue, mambo yaishe. Gari ni zima kabisa, nimelirudisha mwenyewe kutoka kule. Dereva wako ndiye kichaa."

Nilimkaba. Mgambo wake walimtoa mikononi mwangu, na mmoja wao akanipiga kitako cha bunduki mbavuni. Sikushangaa wakati ule kwa nini ana haraka ya kumtoa mtu wake mwenyewe. Niliona ubaya wake wa kawaida tu.

Niliingia kwa mdogo wangu. Mganga alikuwa amemfunga taya kwa bendeji iliyozunguka kichwa, na damu ilikuwa imepenya. Alizungumza bila kufungua meno.

"Kaka, usukani uligoma."

"Uligoma vipi?"

"Mzito. Niligeuza, ukakataa."

Mwili wangu wote ulipata kazi. Nilimwambia basi nimeshaelewa, nakwenda kulifungua gari sasa hivi, nitawaonyesha. Nilitegemea afurahi. Badala yake alinishika shati kwa vidole vilivyovimba.

"Acha," akasema. "Acha gari, kaka. Usifungue."

"Wanataka kukuua, mjinga wewe!"

"Acha wanipige tu."

Nikadhani ni kichwa kimepata mtikisiko. Nilivifungua vidole vyake kimoja kimoja, nikatoka.

Kwa Wabarabaig, damu iliyomwagwa kwa kusudi na damu iliyomwagwa kwa mkosi haziendi njia moja. Ya kusudi hulipwa kwa damu. Ya mkosi wazee hukaa, ng'ombe hutolewa, na watu wanaendelea kuishi hata kama hawasalimiani. Nilikua nikisikia mambo hayo, maana sisi Wairaqw tumepakana nao, tumepigana nao na tumeoana nao. Nikaenda kwa wazee waliokuwa wamekaa pembeni ya uzio. Niliweka spana chini, nikawaamkia wote shikamoo. Waliitikia. Katikati yao alikuwepo mama wa marehemu, amevaa vazi la ngozi, majivu ya nyumba yake bado yapo kwenye vidole vya miguu. Nyuma yake alisimama mwanawe mkubwa, mrefu kama mlingoti wa simu, fimbo yake imevunjika ncha na ina damu. Nilijua damu ile ni ya nani.

"Wazee wangu," nikasema, "mdogo wangu anasema gari lilikataa kupinda. Mimi ni fundi. Nipeni nafasi niwaonyeshe mbele ya macho yenu. Nikishindwa, sitasimama mlangoni."

Yule kaka wa marehemu alicheka bila kufurahi. "Gari linakataa? Gari ni punda?"

"Linakataa kuliko punda," nikajibu. "Punda ukimpiga anasogea."

Mzee mmoja alitikisa kichwa kwamba twende. Tukaenda karakana wote, mikuki mbele na nyuma.

Pikapu ilikuwa imebonyea bampa na boneti, kioo cha mbele kimetobolewa kwa mkuki. Nilifanya kazi kama mtu anayechimba kumtoa mwenzake kwenye kisima. Nilipima upepo wa matairi; tairi laini la mbele hufanya usukani kuwa mzito. Yalikuwa sawa. Nilibonyeza mkanda wa pampu kwa kidole gumba, haukulegea, haukupasuka. Nilipiga jeki, nikayanyanyua magurudumu ya mbele, nikayageuza kwa mkono huku injini imezimwa. Yalikwenda mwisho hadi mwisho bila kukwama. Tairodi, vile vyuma vinavyoyavuta magurudumu usukani ukigeuzwa, zilikuwa nzima. Nikaukagua mpira wa mafuta unaotoka kwenye pampu, nikakuta jasho: ulikuwa unavuja polepole kwenye maungio, uvujaji wa muda mrefu. Hapo nikadhani nimelipata. Kama mafuta yameisha, pampu inazunguka bure na nguvu ya usukani inapotea.

Nikafungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya usukani. Kilikuwa kimejaa. Mafuta yalikuwa ya vuguvugu na rangi ya chai ya maziwa, si ile nyekundu ya kawaida. Nilijua rangi hiyo inaletwa na maji au upepo uliochanganyika. Nikautoa upepo, nikigeuza usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi, injini ikinguruma. Kisha nikashuka, nikamwambia kaka wa marehemu apande ajaribu mwenyewe.

Jua lilikuwa utosini na injini ilikuwa ya moto. Alikaa kwenye kiti, magoti yake yakigonga dashibodi, akaweka kidole kimoja kwenye usukani. Ukazunguka. Akaurudisha. Ukarudi. Mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli aligeuza pikapu ile kama mtoto anayezungusha kifuniko cha sufuria.

Alishuka polepole, akaninyanyulia kidole kile mbele ya uso.

"Kidole kimoja," akasema. "Mdogo wangu amekufa kwa kitu kinachogeuzwa kwa kidole kimoja."

Kisha akanipiga. Fimbo ilitua juu ya sikio, nikaona weupe, nikapiga magoti. Ya pili ilitua mgongoni. Sikupigana. Si kwamba niliogopa. Kichwa changu kilikuwa kimeng'ang'ania jambo moja na sikutaka kulipoteza. Jambo lenyewe lilikuwa asubuhi za siku zile chache za mwisho. Mdogo wangu alikuwa anawasha pikapu mapema na kuiacha ingurume kwa muda mrefu kabla ya kuondoka. Nilikuwa nimemgombeza kwamba anamaliza dizeli ya serikali, akanijibu kwamba gari linaamka vibaya. Na siku ile ya ng'ombe kuingia, mgambo hawakumpa nafasi hiyo. Walimtoa kitandani, wakaondoka na injini ya baridi.

"Asubuhi!" nikapiga kelele nikiwa chini, damu inaingia kinywani. "Limeua asubuhi! Lijaribuni asubuhi!"

Fimbo ilikuwa hewani. Yule mama aliinua mkono, na fimbo haikushuka.

"Alikufa asubuhi," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Ni kweli. Mngoje asubuhi."

Pikapu ililala nje, mikuki imeizunguka. Mimi nililala chini ya bampa kama mbwa, sikio linapiga ngoma.

Alfajiri ukungu ulishuka kutoka mlimani mzito kiasi cha kulowesha nyusi. Nyasi zilikuwa na maji ya barafu. Watu wote walikuwepo: wazee, mama, mwanawe, na mgambo na mkuu wao pembeni, amejikunyata kwenye koti. Niliwasha injini. Pampu ilipiga kelele ya mbuzi anayechinjwa. Wengine waliruka nyuma.

"Panda," nikamwambia yule mrefu.

Alipanda. Akaweka kidole kimoja. Usukani haukusogea. Akaweka mkono. Akaweka mikono miwili, mishipa ya shingo ikasimama, kiti kikalia chini yake, na magurudumu yakageuka kidogo sana, kwa kusitasita, kisha yakakataa kurudi. Alisukuma tena. Mtu yule aliyevunja taya la mdogo wangu alikuwa anatokwa na jasho kwenye baridi ile, na usukani haukumjali.

Alizubaa pale kitini, ameuangalia usukani. Halafu akaniangalia, na mara ya kwanza sikuona mauaji machoni mwake.

Nilifungua kifuniko cha kikopo. Ile chai ya maziwa ilikuwa imeganda. Ilikuwa nyeupe yenye unjano, nzito, na nilipochomeka kijiti kilisimama chenyewe. Sikuwa naangalia maji wala upepo. Yalikuwa mafuta ya mnyama. Mpira ulikuwa unavuja, stoo ya shamba haikuwa na haidroliki, yale mafuta mekundu ya usukani, tangu mvua zianze, mgambo walitaka gari kila siku, na dereva alikuwa amejazia samli. Mchana, injini ikipata moto, samli inayeyuka na usukani unakuwa mwepesi. Asubuhi inaganda kwenye mipira na kwenye pampu, na nguvu yote inakufa. Mtu aliyezoea kugeuza kwa vidole anafika kwenye kona, anavuta, anajikuta ameshika jiwe. Anapokumbuka mkono wa pili, kona imeshapita.

Nilishikwa na furaha mbaya, furaha ya mtu aliyekuwa anazama. Nilichota donge kwa kijiti, nikalinyanyua juu, nikazunguka nalo.

"Mmeona? Mmeona wenyewe? Hakukusudia! Hiki ndicho kilichoua! Hiki hapa!"

Wazee walisogea, wakaangalia, wakaguna. Mmoja aliligusa. Walianza kusemezana kwa lugha yao, na neno nililolifahamu lilikuwa lile la mkosi. Nikajua mdogo wangu amepona. Ningeweza kumbusu hata yule mrefu.

Kisha mama akaja. Alinishika mkono, akaushusha usawa wa uso wake, akanusa kijiti. Akanusa tena. Akachukua kidogo kwa kidole, akaweka ulimini, akafumba macho.

Wanawake wa Kibarabaig husafisha vibuyu vya maziwa kwa mkaa wa mti, na kila nyumba ina mti wake, na kiasi chake cha moshi, na majani ya kuongeza anayoyajua mwenye nyumba. Samli ya mwanamke mmoja si ya mwenzake. Wanazijua kama mzazi anavyojua kikohozi cha mwanawe gizani. Haidroliki iliyobaki mle na chuma cha pampu havikuweza kuufuta moshi ule.

"Hii ni yangu," akasema.

Hakuna aliyeelewa, hata mimi.

"Nyumba ilipoungua nilitafuta kibuyu kwenye majivu. Kibuyu kikubwa. Sikuona hata kipande." Akageuka, akawatazama mgambo. "Kumbe hakikuungua."

Maneno ya mdogo wangu pale zahanati yalinirudia. Acha gari, kaka. Usifungue. Mdogo wangu alikuwepo. Alikuwa ndiye aliyewaendesha kwenda kuchoma, na aliporudi alipewa kibuyu kama fungu lake, na alipokosa mafuta akakimimina kwenye kikopo cha usukani. Alilijua hilo tangu mwanzo, na mkuu wa mgambo naye, ndiyo maana alikuwa na haraka ya kumtoa. Alikuwa tayari auawe kwa kosa ambalo hakulifanya, ili mama yule asije akajua lile alilolifanya.

Na mimi nilikuwa nimelinyanyua juu, nikizunguka nalo.

 Mkuu wa mgambo alicheka, akakohoa, akasema, "Ah, mama. Mafuta ni mafuta."

Sikumbuki kuokota spana. Nakumbuka mlio wa mfupa wa mkono wake, kama kuni kavu, na nakumbuka nilivyotamani kuusikia tena. Nilimpiga begani, nikamwangusha kwenye matope, nikampiga tena. Mgambo walinivamia kwa vitako vya bunduki. Wabarabaig wakawavamia mgambo. Mkuki ulipita kwenye paja la mgambo mmoja na kumshona kwenye ubao wa pikapu, akawa anapiga kelele akiwa amesimama pale kama kuku aliyefungwa mguu. Bunduki ililia, na mzee aliyenitikisia kichwa jana yake alikaa chini ghafla, ameshika bega, damu inapita kati ya vidole. Niliuma mtu, sijui nani. Nilivunjwa vidole viwili. Nakiri kwamba kati ya vipigo vyote vya maisha yangu, vile nilivifurahia.

Aliyekomesha ni yule mama. Hakupaza sauti. Aliingia katikati ya fimbo na bunduki, akaenda mpaka kwenye pikapu, akaanza kuchota samli yake kutoka kwenye kikopo kwa kiganja, donge baada ya donge, akiiweka kwenye upindo wa vazi lake. Ilikuwa nyeusi chini, imejaa unga wa chuma. Watu walimwona mmoja baada ya mwingine, wakaacha walichokuwa wanakifanya. Alichota mpaka akafuta kikopo kwa kidole, akaondoka nayo kwenye ukungu. Mwanawe mrefu akamfuata.

Wazee walikaa siku iliyofuata, yule mwenye bega bovu akiwa amefungwa kitambaa. Walisema gari ndilo lililoua, na dereva hana deni la damu. Ng'ombe walitolewa na ukoo wetu kutoka Maretadu. Kuhusu nyumba iliyochomwa, walitaka shamba lijibu. Shamba halikujibu kitu mpaka leo. Mkuu wa mgambo alihamishiwa shamba jingine akiwa na mkono kwenye plasta, na nasikia huko alipandishwa cheo. Nikimwona hata sasa, akiwa mzee na mjukuu wake mkononi, sijui kama nitaweza kuizuia mikono.

Pikapu niliitengeneza, kwa sababu ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nilifungua mipira yote, nikamwaga uchafu, nikasafisha pampu kwa dizeli ya moto mpaka ikatoka safi, nikabadilisha ule mpira uliokuwa unavuja. Haidroliki mpya ililetwa na meneja kutoka Arusha, nyekundu kama inavyotakiwa. Nikajaza, nikageuza usukani mwisho hadi mwisho, nikajaza tena mpaka povu likaisha. Nikaiacha ilale nje. Asubuhi kwenye ukungu niliugeuza kwa kidole kimoja. Nikashuka, nikaweka funguo mezani kwa meneja, nikaacha kazi.

Mdogo wangu nilimrudisha kwa mama akiwa hai, taya limeunga upande.  Njia nzima nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa alikuwa na maumivu sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

Lakini kabla hatujaondoka nilivuka korongo. Nilijiambia naenda kumpa pole. Ukweli ni kwamba nilitaka mama yule anisamehe, yeye na mimi tuachane vizuri, nipate usingizi. Nilimkuta amekaa nje ya boma lililoungua, kwenye kivuli cha ngozi mbili walizotandika juu ya miti. Kibuyu kipya kilikuwa pembeni yake, hakijafukizwa moshi. Kondoo aliyekufa kwa moto alikuwa hajaondolewa uani.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nilichuchumaa mbali kidogo, nikasema nilichokuja kusema. Pole kwa mtoto. Pole kwa nyumba. Nikamwambia mdogo wangu anaondoka, hatamwona tena, na kwamba wazee wameamua hakukusudia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama mikono yake, viganja juu.

"Ng'ombe nilimkamua mimi," akasema. "Maziwa nilisukasuka mimi. Samli niliichemsha mimi, nikaiweka kwenye kibuyu, nikasema hii ni ya huyu mtoto akioa." Akavikunja viganja. "Siku ile ya kwanza nilimchukia mdogo wako, nikaweza kunywa maziwa. Nilimchukia, nikaweza kulala. Ukaja wewe na kijiti."

Nilijaribu kusema kwamba si yeye aliyeua, kwamba ni waliochoma, ni walioiba, ni shamba. Alinikatiza kwa kutikisa kichwa tu.

"Ungeniachia," akasema. "Ungeniachia huyo mdogo wako nimchukie."